Tanzia ya Mama Hortense, Iliyochelewa Kidogo

Kwa heshima na taadhima, na kwa majonzi yasiyo na kifani, ninautangazia umma wa Brussels na vitongoji vyake kwamba Mama Hortense Vercauteren, mjane wa mtunzi mashuhuri wa muziki, ameiaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ameacha pengo lisilozibika. Msiba uko kwa masista, Etterbeek, Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Wote mnakaribishwa kuja kulia.

Alifariki mwaka 1902. Habari ilichelewa kidogo kufika Schaerbeek, kwenye parokia yetu.

Tangazo hilo nililisoma mimi, Mauwa, kwenye maikrofoni ya kanisa, Jumapili moja ya Machi mwaka 1996, mwishoni mwa misa ya Kiswahili. Kila neno lilikuwa la kweli, isipokuwa kule kuugua, ambako nilikuongeza kwa sababu tanzia bila kuugua haina ladha. Kama hakuna aliyeuliza mwaka, kosa si langu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea baadaye mbele ya Sista Walburge, na kwa kuwa leo ni Jumanne asubuhi na mimi niko nyumbani nikitazama tramu dirishani wakati wenzangu wako kwenye hesabu, unaweza kukisia utetezi huo ulipokelewaje. Baraza la walimu linakaa Ijumaa.

Nianze mahali pa kuanzia.

Ninasoma shule ya bweni. Tunavaa soksi za kijivu, tunakula viazi vya kuchemsha, tunarudi nyumbani Jumamosi na kurejeshwa Jumapili jioni kama vitabu vya maktaba. Mkuu wetu ni Sista Walburge, mwanamke mrefu, mwenye haki, asiyecheka. Kati yangu na yeye palikuwa na historia. Kwaresima ya mwaka jana mtu fulani alibandika kwenye mlango wa kanisa la shule tangazo lenye muhuri uliochongwa kwa kiazi, kwamba Baba Askofu amefuta Kwaresima kwa sababu ya baridi. Masista wawili wazee walikula chokoleti siku nzima kwa dhamiri safi. Krismasi mtu huyohuyo alimvalisha Mtakatifu Yosefu soksi za kijivu. Hapakuwa na ushahidi. Palikuwa na mimi tu, na sura yangu.

Mwaka huu wilaya nzima iliadhimisha miaka mia tangu kufa kwa Anselme Vercauteren, mtunzi wa muziki, ambaye nyumba yake, yenye sanamu yake mlangoni, iko mtaa wa pili kutoka shuleni. Sista Walburge aliandika mchezo wa kuigiza kwa mkono wake mwenyewe, katika matendo manne. Élodie, msichana mrefu kuliko wote, akapewa nafasi ya Anselme pamoja na ndevu za pamba. Mimi nikapewa Hortense, mke wake.

Nilifurahi mpaka niliposoma. Hortense yumo katika matendo yote manne. Ameketi kwenye kiti karibu na kinanda, anadarizi kitambaa. Katika tendo la pili anasema, "Supu iko tayari, Anselme." Anselme hasikii, kwa sababu anatunga. Katika tendo la nne Anselme anakufa kwa hotuba ndefu, Hortense anainamisha kichwa, pazia linashuka.

Nikaenda maktaba kumtafuta huyo mama. Kitabu cha maisha ya Vercauteren ni kinene, unaweza kukitumia kuzuia mlango. Mkewe amepewa mistari michache. Alizaliwa Namur. Alikuwa akipiga kinanda kabla ya kuolewa. Alizaa watoto sita, na wote aliwazika. Ni yeye aliyenakili upya nota zote za mumewe, maana mwandiko wa bwana huyo ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Kuhusu mazishi ya Anselme kuna kurasa nzima: farasi, askofu, bendi ya wilaya, wasichana wenye mashada. Kuhusu mazishi ya mjane wake hakuna hata sentensi. Hata kaburi halijulikani.

Hilo lilinikaa vibaya. Sisi ni watu wa Lubumbashi. Kwetu mtu akifa hata kama alikuwa mkorofi analiliwa. Mtu mzima, aliyezaa, aliyezika, aende tu kimya kama taa iliyozimwa? Nikamfuata Sista ofisini.

"Sista, Hortense anaweza kusema neno mume wake akifa?"

"Atasema nini?"

"Kwamba amekufa, kwa mfano."

"Watazamaji watakuwa wameshaona."

"Basi aseme kuhusu yeye mwenyewe. Watoto. Zile nota."

"Mjane wa wakati ule hakupiga kelele, Mauwa. Aliumia kimya, kwa staha."

"Kitabu hakisemi kwamba alikaa kimya, Sista. Kitabu hakisemi kitu."

"Ni yaleyale."

"Si yaleyale."

Alivua miwani. Sista akivua miwani, waliosimama hutafuta pa kukaa.

"Nimekupa nafasi hii makusudi," akasema. "Saa mbili nzima za kukaa mbele ya watu bila kituko. Nataka nione kama unaweza. Kosa moja tena, na sanduku lako litakutangulia langoni. Sitapenda kufanya hivyo, kwa sababu ya mama yako. Lakini nitafanya."

Alijua pa kugusa. Maman yangu, Émérance, anatunza wazee katika nyumba moja kule Berchem-Sainte-Agathe, na zamu zake nyingi ni za usiku. Papa alifariki Lubumbashi nilipokuwa na miaka saba. Habari hiyo maman huisema kwa sentensi moja, halafu anakuuliza kama umekula. Hapa Brussels tuko wawili tu. Alizunguka shule nyingi kabla masista hawajakubali kunichukua katikati ya mwaka, na bila bweni hana mahali pa kuniweka anapokwenda kazini. Nilikuwa na kila sababu ya kukaa kitako na kudarizi.

Nilikaa kitako siku mbili.

Jumapili, maman akiwa zamu, nilikwenda kanisani peke yangu. Padri akasema, kama kawaida, mwenye tangazo apite mbele. Nikapita.

Baada ya misa Maman Berthe alinikamata pale mlangoni. Maman Berthe ndiye mkuu wa bamaman, yaani akina mama, wa parokia. Anajua kila anayezaliwa, anayeoa na anayekufa kati ya Schaerbeek na uwanja wa ndege, na kundi lake haliruhusu mtu azikwe bila kuliliwa. Mwaka juzi walimlilia mzee mmoja wa Kipolandi wa ghorofa ya tatu, ambaye watoto wake walituma maua tu. Hawakujua hata jina lake. Walilia "Papa Voisin, Papa Voisin", yaani Papa Jirani, mpaka polisi wakaja, na polisi mmoja naye akatoa kitambaa.

"Mauwa, uyu Maman Hortense ni wa wapi?"

"Wa Namur, maman."

"Ah bon, ni Mubelgiji. Na bwana yake?"

"Alikuwa compositeur. Alimutangulia kufa."

"Compositeur wa orchestre gani?"

"Orchestre kubwa, maman. Na violons."

"Na violons," Maman Berthe akawapasha wenzake habari za fidla hizo, kwa heshima. "Na batoto?"

"Bote balikufa, maman. Sita."

"Yesu wangu. Sita." Akashika kifua. "Sasa ni nani atamulia?"

"Hakuna, maman. Njo maana nimesimama pale mbele."

Akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu mzima, macho ya mtu anayekuona mwema. Ilinisumbua kidogo. Si sana.

"Bon," akasema. "Tutakuja."

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Mchezo ungeanza saa kumi. Nikawatangazia saa kumi na moja. Ukiongeza ule muda wetu wa kawaida wa kuchelewa, nilikadiria kwamba bamaman wangefungua mlango wa ukumbi wakati Anselme amekwisha kukata roho, pazia likiwa linashuka. Wangelia. Wageni wangedhani ni sehemu ya mchezo. Mimi ningeinamisha kichwa, kwa staha, kama nilivyoelekezwa.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilihesabu kama mtu anayengoja wageni wa harusi. Harusini tunachelewa. Msibani hatuchelewi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbele kabisa aliketi mjumbe wa wilaya akiwa na utepe kifuani, na pembeni yake Bwana Vercauteren, mzee mwembamba mwenye fimbo, mjukuu wa kaka yake Anselme. Tendo la kwanza likapita. Katika tendo la pili Élodie alikuwa kwenye kinanda, ndevu zimeanza kumtoka upande mmoja, anatunga. Mimi nikavuta pumzi na kusema, kwa sauti ya wazi, "Supu iko tayari, Anselme."

Mlango wa nyuma ukafunguka, na supu ikaingia.

Sitii chumvi. Ilikuwa sufuria ya Maman Berthe, imefungwa kwa kitenge. Nyuma yake bamaman wa parokia nzima, vilemba vyeusi, mikeka kwapani, termosi za chai, na mmoja amebeba mikate kichwani kana kwamba Etterbeek yote ni soko. Maman yangu, niliyedhani yuko zamu, alikuwa katikati yao, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini. Walisimama, wakatazama. Waliona kinanda, mishumaa, watu wamevaa vizuri wamenyamaza. Kwao hiyo ilitosha. Maman Berthe akaanza.

Kama hujawahi kumsikia Maman Berthe akianza, siwezi kukusaidia. Inatoka chini ya miguu. "Eee Maman Hortense eee," na wenzake wakapokea, na mjumbe wa wilaya akageuka kwa kasi hadi utepe ukapanda begani. Élodie aliacha kutunga.

Sista Walburge alitembea hadi nyuma. Hakukimbia. Mazungumzo yao yalikuwa kwa Kifaransa, na ukumbi wote uliyasikia.

"Mama, naomba kujua mnatafuta nini."

"Pole sana, Sista. Tumekuja kulia. Maiti iko wapi?"

"Maiti gani?"

"Ya Maman Hortense."

Sista, ambaye ni mwanamke wa ukweli, alijibu swali aliloulizwa. "Hortense ni yule pale," akasema, akaninyooshea kidole.

Vilemba vyote vikageuka. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, kofia ya kamba za hariri kichwani, sindano mkononi.

"Uyu?" Maman Berthe akasema.

"Huyu ni mtoto wangu," maman akasema taratibu, kwa Kifaransa. "Hajakufa."

"Bado," Sista akasema, kwa sauti ya chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitania, kama alikuwa anatania. Kisha akapaza sauti. "Mauwa. Eleza."

Nikasimama. Nimewahi kusimama mbele ya watu mara nyingi nikiwa na uongo mzuri mfukoni, na mfuko huo hujazwa mapema. Siku hiyo niliingiza mkono, sikupata kitu. Nikawaambia bamaman ukweli, kwa Kiswahili.

"Maman Hortense alikufa kweli. Alikufa mille neuf cent deux." Yaani 1902, maana miaka sisi huihesabu kwa Kifaransa.

Maman Berthe aliinua sufuria kama mtu anayetaka kuondoka nayo, akaishusha tena.

"Mutoto. Nimesimama ku jiko tangu asubuhi juu ya muntu wa mille neuf cent deux?"

"Ndiyo, maman."

"Tumepanda tramu na mikeka juu ya muntu wa mille neuf cent deux?"

"Ndiyo, maman."

"Sasa wenye kumuzika bako wapi?"

"Nao balikufa, maman."

Mmoja wao alianza kucheka, akajizuia kwa kilemba. Wengine walikuwa wameshakunja nyuso. Niliona wakitazamana, wakipima mlango. Ndipo maman yangu akauliza, bila hasira, kama anavyowauliza wazee wake wapi panauma.

"Na hakuna mwenye alimulia?"

"Hakuna. Nilitafuta."

"Na bwana yake? Balimulia?"

"Uyo balimulia. Askofu, farasi, fanfare mzima ya wilaya."

Maman aliinama, akavua vile viatu vyeupe, akaviweka pamoja ukutani. Akakunjua mkeka wake katikati ya njia, kati ya viti vya wageni, akaketi chini. Maman Berthe alimtazama kwa muda.

"Bon," akasema. "Muweke chini ile mikeka."

Wakaketi wote. Mjumbe wa wilaya alivuta miguu yake ndani ili awapishe. Sista Walburge aliinua mkono kuwaonyesha mlango, akaushusha. Huwezi kumfukuza mtu aliyevua viatu akaketi chini kwa ajili ya marehemu. Hata sista wa Ubelgiji anajua hivyo, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Walilia. Hakikuwa kilio cha mchezo. Nadhani kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia, na Hortense aliwafungulia mlango. Kisha Maman Berthe akajipangusa uso, akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe.

"Historique. Ni nani wa famille?"

Kwetu padri hamsimulii marehemu peke yake. Mtu wa nyumba yake lazima asimame aeleze maisha yake, alivyozaliwa, alivyoolewa, alivyoteseka, na walioketi chini wanamwitikia. Ukiruka jambo watakuambia urudi. Nikatazama kulia na kushoto. Bwana Vercauteren alikuwa ameegemea fimbo yake, haelewi. Ndani ya ukumbi mzima, mwenye kofia ya Hortense alikuwa mimi.

Nikashuka jukwaani. Nilisema kwa Kifaransa, nikarudia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

Nikasema alizaliwa Namur, na vidole vyake vilijua kinanda kabla ya kujua sindano. "Ee, maman," wakaitikia. Nikasema aliolewa, akafunga kinanda chake, akafungua cha mumewe. Nikasema alizaa sita. Maman Berthe akataka majina. Sikuwa nayo, kitabu hakikuyaandika, nikasema hivyo, na kilio kikapanda juu kuliko mwanzo. Nikasema usiku alinakili nota, kila alama, na asubuhi watu walimpongeza Anselme kwa mwandiko safi. Hapo wanawake kadhaa wa Kibelgiji katika safu za nyuma walicheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha.

Mistari ya kitabu ikaisha. Ningeweza kuinamisha kichwa na kumaliza. Lakini bamaman walikuwa wamenikazia macho, wanangoja, na mdomo wangu una tabia ya kwenda mbele bila mimi.

Nikasema, mumewe alipokufa, kabla mishumaa haijaisha, ndugu zake waliingia. Walichukua kabati. Walichukua saa ya ukutani. Mjane walimketisha kwenye godoro, uso umeelekea ukutani, wakamwambia anyamaze, maana mjane anayeongea ndiye aliyeua. Halafu wakachukua cherehani yake. Alikuwa ameinunua kabla ya kuolewa, alishonea nayo sare za watoto wa mtaa mzima, lakini mmoja wao alisema kila kilicho ndani ya nyumba ni cha ndugu yao. Wakainyanyua wawili, huku na huku, nayo ikawa inagongagonga sakafu kwa miguu yake ya chuma.

"Na yeye alifanya nini?" Maman Berthe akauliza.

"Alisimama," nikasema. "Alisimama mbele yao akasema: chukueni kabati, chukueni saa, chukueni na jina lenu. Hii mashine ni mikono yangu. Mkitaka mikono yangu, ikateni hapa mbele ya watu."

"Eee Hortense," wakalia bamaman, na Maman Berthe akapiga sakafu kwa kiganja. "Hortense eee, muntu wa nguvu."

Ni mmoja tu ambaye hakulia. Maman yangu alikuwa amenyamaza tangu cherehani. Aliketi wima, mikono mapajani, ananitazama kama mtu anayesoma saa ya mbali.

Bwana Vercauteren alikuwa amesimama. Aliungojea ukimya kwa adabu, akaupata.

"Binti," akasema, "kaka yake Anselme alikuwa babu yangu. Nimekaa kwenye mapaja yake. Unasema mbele ya watu wote hawa kwamba alimwibia mjane. Inawezekana. Sisi hatujui mengi kuhusu Hortense, na naona ni aibu yetu. Ila naomba unionyeshe. Chanzo chako ni kipi?"

Hakusema kwa ukali, na hilo lilizidisha ubaya wa mambo.

"Jibu, Mauwa," Sista Walburge akasema. Alikuwa pembeni yangu, na miwani alikuwa amevua. "Lipo mahali ulipolisoma, au tumefanyiwa mzaha? Kama ni mzaha, unajua tulichokubaliana."

Nilijua. Na safari hii mfuko haukuwa mtupu. Uongo ulinijia mzima, umevaa na viatu: nyumba ya kumbukumbu za kale kule Namur, sanduku la karatasi zilizoloa mwaka wa mafuriko, mlinzi mzee aliyeniruhusu nisome lakini nisinakili. Nani angekwenda Namur kuhakikisha? Ningerudi bwenini, maman angerudi zamu, Hortense angebaki na cherehani yake. Nikasafisha koo.

"Bwana, kule Namur kuna—"

"Mauwa," maman akasema kwa Kiswahili, bila kuinuka. "Ile mashini. Balitoka nayo na mulango gani?"

"Wa nyuma, maman."

"Juu ya nini wa nyuma? Sababu gani?"

"Juu ya kule mbele bantu bangali banalia papa."

Nilikuwa nimeshajibu kabla ya kufikiri. Katika historia yote ya Hortense sikuwa nimetaja mlango hata mmoja.

Bamaman wakaanza kuelewa, mmoja baada ya mwingine. Maman Berthe alimtazama maman, akanitazama mimi, akaweka mkono juu ya goti la maman akauacha hapo.

"Weye ulikuwa wapi?" maman akauliza.

"Chini ya kitanda. Mu chumba ya nyuma."

"Miaka yote iyi haujasema."

"Weye pia, maman."

"Wanasema nini?" Sista akauliza. "Mauwa, tafsiri."

Ningeweza hata kutafsiri uongo. Maman anajua Kifaransa, lakini nadhani asingenisaliti, angeniachia. Ndiyo sababu sikuweza. Niliivua ile kofia ya hariri, ambayo ilikuwa inaniwasha tangu tendo la kwanza, nikamgeukia Bwana Vercauteren.

"Hakuna chanzo, Bwana," nikasema. "Sijawahi kufika Namur. Babu yako hakuiba cherehani, au kama aliiba mimi sina habari, na ninaomba radhi kwake na kwako. Watoto sita ni kweli, na nota ni kweli, yote mawili yamo ndani ya kitabu. Godoro, saa, kabati na cherehani ni vya Lubumbashi. Walioiba ni tonton zangu wawili, ndugu za papa, na aliyeibiwa ni huyu hapa. Anaitwa Émérance. Nilibadilisha jina kwa sababu nilidhani kwa Hortense mtasikiliza, kwa kuwa mume wake ana sanamu."

Nikamgeukia Sista Walburge.

"Na Sista, lile tangazo la kanisani ni mimi. Hawa bamaman hawana kosa, waliitwa msibani wakaja. Ilianza kama mzaha. Sijui iliacha kuwa mzaha wapi, nadhani pale walipouliza majina ya watoto. Na kiazi cha Kwaresima ni mimi, na soksi za Yosefu, kama bado mlikuwa na mashaka. Sanduku nitalifunga mwenyewe."

"Tulikuwa hatuna mashaka," Sista akasema.

"Basi kuna moja msilolijua. Niliposema alisimama, nilidanganya. Maman hakusimama. Walimwambia anyamaze, akanyamaza. Hilo la kusimama nimelitunga mimi, kwa sababu nililitaka."

Hapo maman akainuka kutoka mkekani. Miguu mitupu, kilemba kimelegea upande. Alisema kwa Kifaransa, polepole, ili ukumbi mzima usikie, mjumbe wa wilaya pamoja na Élodie na ndevu zake mkononi.

"Nilisimama," akasema. "Walikuwa ndugu wanne wananishika, nikasimama. Nilimtaja kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake, nikawaambia walichokuwa. Mashine walikwenda nayo, hilo ni kweli. Lakini walikwenda nayo wameinamisha vichwa. Huyu mtoto alikuwa chini ya kitanda, chumba kingine. Muulizeni aliona nini."

Akanigeukia.

"Uliona nini, Mauwa?"

"Miguu, maman," nikakiri. "Viatu vya tonton, na miguu ya mashini. Juu ya magoti sikuona kitu, na kwa vilio vya kule mbele sikusikia kitu. Hayo mengine, hata kule kunyamaza, nilijiambia mwenyewe, tangu siku ile."